Bonde Lenye Maana Tatu: Istilahi za Ramani na Mto wa Mlimani

Hivi karibuni tuliletewa rasimu ya tafsiri ya kanuni ndogo za kuhifadhi mto mmoja utokao milimani. Mfasiri alikuwa mtu makini na Kiswahili chake kilikuwa safi. Hata hivyo, katika kurasa nne tu, neno bonde lilitumika mara kumi na moja kwa maana tatu zisizofanana. Katika kifungu kimoja lilikuwa na maana ya ardhi iliyozama baina ya miteremko miwili. Katika kifungu cha pili lilikuwa eneo lote ambalo mvua ikinyesha maji yake huishia katika mto huo. Katika kifungu cha tatu lilikuwa nchi tambarare ya kando ya mto, ile inayofunikwa na maji wakati wa masika. Kisha kikafuata kifungu kilichokataza kulima "ndani ya bonde" pasipo kibali.

Tukijaribu kukisoma kifungu hicho kwa maana ya kwanza, vijiji vichache vingeacha mashamba yao. Tukikisoma kwa maana ya pili, wangelazimika kuacha kulima watu wote kuanzia kileleni hadi baharini. Tukikisoma kwa maana ya tatu, hakuna mtu hata mmoja wa mlimani ambaye angeguswa, kwa kuwa huko juu mto hauna nchi tambarare. Mfasiri hakukosea kwa kutojua lugha. Alikosea kwa sababu maandishi ya asili yalitegemea ramani, na yeye hakupewa ramani hiyo wala hakuelezwa jinsi inavyotengenezwa. Tumeona basi kwamba ingefaa tuyaeleze maneno haya kwa kufuata historia ya kupimwa kwa bonde moja la kweli.

Tumechagua bonde la mto Mgeta, katika milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Mgeta huanzia upande wa magharibi wa milima hiyo, kwenye nchi ya juu ya Lukwangule. Huteremka kwa kasi kupitia vijiji ambavyo mboga zake huuzwa Dar es Salaam, hugeukia kusini na kisha mashariki katika nchi tambarare ya Kisaki, na mwishowe huungana na mto Ruvu, ambao huingia Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Bagamoyo. Dar es Salaam hunywa maji ya Ruvu: mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976. Kwa hiyo anayeamua neno gani liandikwe katika kanuni za mto huu anawagusa mkulima wa Mgeta na mwenye bomba Kariakoo kwa wakati mmoja.

Ramani ya njia

Neno ramani lenyewe ni la baharini. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walikuwa na vitabu vya kuongozea vyombo, vilivyoitwa kwa Kiarabu rahmani. Asili yake ni maneno ya Kiajemi yenye maana ya kitabu cha njia. Tunalitaja jambo hili kwa sababu ramani za kwanza za bara zilikuwa hivyo hasa: vitabu vya njia. Richard Burton na John Speke walipofika Zungomero, chini ya milima hii upande wa kusini, mwezi wa Julai 1857, hawakupima bonde. Walipima safari yao. Dira iliwaonyesha mwelekeo, saa iliwaonyesha muda wa mwendo, na vipimajoto vya kuchemshia maji viliwapa mwinuko, kwa kuwa maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri mtu anavyopanda. Tofauti hiyo ni takribani nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila meta 300, hata anayekosea sehemu moja ya kumi ya nyuzi huwa amekwisha kukosea meta 30 hivi. Milima waliitazama kwa chini.

Wajerumani waliendelea kwa njia hiyohiyo, ila kwa juhudi kubwa zaidi. Franz Stuhlmann aliipanda Uluguru mwaka 1894. Maofisa na wasafiri wengine walijaza daftari za njia: saa ya kuondoka, mwelekeo wa dira, mto uliovukwa, na jina lililotajwa na kiongozi wa msafara. Daftari hizo zilipelekwa Berlin, ambako Richard Kiepert, na baada yake Paul Sprigade na Max Moisel, walizioanisha hata zikawa ramani moja ya koloni zima kwa skeli ya 1:300,000. Ni kazi ya kustaajabisha, na hatuitaji kwa dharau. Lakini ni lazima msomaji ajue kwamba mtu anayeitazama anatazama mafundo ya njia yaliyofungwa pamoja. Pale ambapo hapakupita msafara, karatasi ilibaki nyeupe. Milima ilionyeshwa kwa rangi na kivuli, ili mtu ajue kwamba hapa pana kupanda. Kupanda kiasi gani, hilo halikupimwa kila mahali.

Ramani ya namna hii tunapendekeza iitwe ramani ya njia, na ile inayoonyesha umbo la nchi yote pamoja na miinuko yake iliyopimwa iitwe ramani ya sura ya nchi. Wako wanaosema ramani ya topografia, na hatuna ugomvi nao. Neno hilo limekwisha kuzoeleka miongoni mwa wapimaji. Ila mwalimu anayesema "sura ya nchi" huwa amekwisha kueleza nusu ya somo.

Daftari za njia zilituachia pia tatizo la majina. Msafiri wa karne ya kumi na tisa alianzia pwani, na jina alilolisikia kwanza ndilo aliloandika. Sehemu ya chini ya Ruvu ilijulikana pwani kwa jina la Kingani, na hivyo ndivyo ilivyo katika vitabu vingi vya wakati ule. Waliokaa juu zaidi walisema Ruvu, na hilo ndilo jina lililoshinda katika ramani za baadaye. Mfasiri anayekutana na Kingani katika nyaraka za miaka ya 1890 asihangaike kuutafuta mto mwingine. Na kinyume chake, anayekutana na Ruvu asiwe na haraka. Ruvu nyingine hutoka Ziwa Jipe, hukutana na Kikuletwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na mbele ya hapo mto huo ndio Pangani. Katika maandishi ya serikali haitoshi kuandika "Mto Ruvu". Iandikwe Ruvu ipi.

Kuna na majina yaliyokwisha kubeba ndani yao neno mto au mlima. Uluguru ni nchi ya mlima, na Waluguru ni watu wa mlimani. Tukisema milima ya Uluguru tunausema mlima mara mbili. Huko Kenya, Ruiru kwa Kikuyu ni mto mweusi. Katika Kimaasai, Engare Nanyuki ni maji mekundu. Je, tuache kuandika "Mto Ruiru"? Hatuoni sababu. Jina likiisha kuwa jina limeacha kuwa maelezo, na msomaji asiyeijua lugha ile ana haki ya kuambiwa kama kinachotajwa ni mto au ni mji. Tusilolikubali ni kulitafsiri jina lenyewe. Tumewahi kuona hati ambamo mto umegeuzwa kuwa "Mto wa Maji Mekundu", na karani aliyetumwa kuutafuta hakuupata mahali popote.

Ramani ile ya 1:300,000 ndiyo iliyotumika hata vitani. Kuanzia Septemba 1916 hadi mwanzo wa Januari 1917 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalikabiliana kando ya Mgeta, upande wa tambarare, na Waingereza walitumia ramani zilizochapwa upya kutokana na zile za adui wao.

Kutazama kutoka angani

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946 Waingereza waliunda mjini London Idara ya Upimaji wa Makoloni, ambayo mwaka 1957 iliitwa Idara ya Upimaji ya Ng'ambo. Ndege zilipiga picha za nchi zikipita kwa mistari iliyonyooka, na kila picha ilifunika takribani sehemu sita za kumi za picha iliyoitangulia. Mtu anayezitazama picha mbili zinazofuatana kwa chombo kiitwacho stereoskopu, jicho moja kwa kila picha, huiona nchi imesimama: milima imeinuka na mabonde yamezama. Kwa njia hiyo mchoraji aliyekaa London aliweza kuufuata mto ambao hajapata kukanyaga ukingo wake. Wapimaji waliotembea kwa miguu walikuwa na kazi nyingine, nayo ni kupanda vilele, kupima pembe za pembetatu kubwakubwa, na kusimika alama za upimaji ambazo wananchi wamezizoea kwa jina la bikoni. Neno bikoni libaki. Limekwisha kuingia katika kesi za mipaka, na hakuna faida ya kumfundisha mwananchi neno jipya la jiwe analolijua.

Matokeo yake yalikuwa ramani za 1:50,000, ambazo kila karatasi hufunika dakika 15 za latitudo na 15 za longitudo, yaani nchi yenye upande wa kilometa 27 na nusu hivi. Hizi ndizo ramani ambazo maafisa wetu wengi huzikuta katika makabati, na wengine huzitumia bila kukumbuka kwamba picha ya angani mahali penye msitu mnene huonyesha vichwa vya miti. Ardhi iliyo chini yake hukisiwa.

Hapa inafaa tuseme juu ya skeli, kwa sababu katika jambo hili makosa ya wafasiri ni mengi kuliko katika jingine lolote. Katika maandishi ya shule tumekuta kipimio, kipimo, uwiano, na hata mizani. Mizani ni ya duka. Kipimo kina kazi nyingi mno. Kipimio kinamfanya msomaji afikirie chombo. Sisi tunaelekea kuchagua skeli, ingawa ni neno la kukopa, kwa kuwa halina maana nyingine ya kulichanganya. Kosa lenyewe ni katika kubwa na ndogo. Watu wengi huona 300,000 ni kubwa kuliko 50,000, na hivyo huandika kwamba ramani ya Wajerumani ni ya skeli kubwa. Ni kinyume. Katika ramani ya 1:50,000 sentimeta moja ni nusu kilometa; katika ile ya 1:300,000 sentimeta moja ni kilometa tatu. Shamba moja katika ramani ya kwanza huchukua nafasi mara 36 kuliko katika ramani ya pili. Ramani ya skeli kubwa ndiyo inayokichora kitu kikubwa.

Kontua, na kwa nini neno hili lina kumbukumbu

Katika kuonyesha kupanda na kushuka, wachoraji wa Ulaya walijaribu njia nyingi. Zamani walichora vilima mfano wa vichuguu, kisha wakatumia vistari vifupi vinavyoelekea upande ambao maji yangeteremkia, vikiwa vinene zaidi mahali penye mteremko mkali. Mstari unaounganisha mahali penye kiasi kimoja ulianzia chini ya maji. Mholanzi Nicolaas Cruquius aliutumia mnamo mwaka 1730 kuonyesha vina vya mto Merwede. Katika miaka ya 1770 Charles Hutton aliutumia juu ya nchi kavu, alipokuwa akikokotoa vipimo vilivyochukuliwa katika mlima Schiehallion wa Uskochi.

Mstari huo ndio kontua. Mtu anayeufuata kwa miguu hapandi wala hashuki. Mwalimu anaweza kuuonyesha kwa viazi: viazi vikatwe nusu, nusu moja isimamishwe ndani ya bakuli, maji yamiminwe kidogo kidogo, na kila yanapotulia ichorwe alama mahali yalipofika. Kontua zikikaribiana, mteremko ni mkali. Zikiachana, nchi imelala. Zinapolivuka bonde la mto hujikunja kama herufi V ambayo ncha yake huelekea mto unakotoka; zinapolivuka tuta la mlima, ncha huelekea chini. Mwenye kulishika hilo anaweza kutambua mkondo wa mto katika ramani hata kama haukutiwa rangi ya buluu.

Wako waliopendekeza "mstari wa mwinuko sawa" mahali pa kontua. Maelezo hayo ni mazuri, nayo yafaa katika kamusi, lakini ni marefu mno kuwa istilahi. Tena, huko Uluguru neno la kukopa lina historia yake. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru, ambao uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kufuata kontua katika mashamba ya miteremkoni. Kazi ilikuwa nzito, na kuchimba ngazi kulipandisha juu udongo wa chini usio na rutuba. Mwaka 1955 ghasia zilizuka na mpango ukaachwa. Mfasiri anayeandika leo juu ya kilimo cha kontua kwa ajili ya wazee wa huko ajue kwamba haandiki neno geni. Wao wanalijua kwa majembe. Pengine ni busara zaidi kuandika "matuta ya kukinga maji" pale ambapo kinachoelezwa ni kilimo, na kuliacha neno kontua liwe la ramani.

Jambo jingine la kontua ni nafasi baina yake. Tumekuta katika vitabu "umbali kati ya kontua ni meta 20". Maneno hayo yanapotosha. Meta 20 ni tofauti ya mwinuko, nayo haibadiliki katika karatasi nzima. Umbali kati ya mstari na mstari juu ya karatasi hubadilika kila hatua, na kubadilika huko ndiko kunakotuonyesha mteremko. Iandikwe "tofauti ya mwinuko baina ya kontua", au kwa ufupi "tofauti wima". Ni vema pia kuangalia kama ramani ni ya futi au ya meta, maana ramani za zamani zilitumia futi. Futi 50 ni meta 15 na robo hivi. Anayezinukuu namba bila kipimo chake huweza kuuinua mlima mara tatu.

Na tukiwa hapo juu, tuseme kidogo juu ya maneno mwinuko, kimo na urefu. Urefu ni wa kamba, wa barabara na wa mto. Kimo ni wa mtu, wa mti, wa nyumba: kutoka unyayoni hadi utosini. Mwinuko hupimwa kutoka usawa wa bahari. Kimhandu, kilele cha juu kuliko vyote vya Uluguru, kina mwinuko wa zaidi ya meta 2,600. Lakini mtu aliyesimama kijijini Mgeta, ambako mwinuko umekwisha kuzidi meta 1,000, haoni mbele yake kimo cha meta 2,600. Magazeti yetu husema "mlima wenye urefu wa meta" kadha wa kadha. Mlima uliolazwa chini, labda.

Ukingo uko wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu, na zile zinazoweza kuyadhuru mazingira, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Tambarare kanuni hii ni rahisi kuitekeleza. Bondeni Mgeta si rahisi, na ugumu wake mmoja umo katika maneno.

Tuanze na ramani. Katika skeli ya 1:50,000 meta 60 ni milimeta moja na mbili ya kumi. Katika ile ya 1:300,000 ni mbili ya kumi za milimeta, yaani unene wa mstari wenyewe unaochora mto. Afisa anayetaka kuuonyesha ukanda wa hifadhi juu ya ramani ya namna hiyo huwa anauficha ndani ya wino. Hata katika 1:50,000, mstari wa buluu wenye unene wa mbili ya kumi za milimeta unafunika meta 10 za ardhi, na mkondo wa mlimani mara nyingi hauzifikii meta 10. Kwa hiyo ramani haiwezi kutuambia ukingo uko wapi. Mtu lazima aende.

Akienda, anapima nini? Ramani hupima umbali wa mlalo, kana kwamba nchi yote imelazwa iwe uwanja. Utepe uliotandazwa juu ya mteremko hupima ardhi yenyewe. Mahali penye mteremko wa nyuzi 30, na Uluguru mahali kama hapo si haba, meta 60 za mlalo ni zaidi ya meta 69 za utepe. Kinyume chake, meta 60 za utepe ni meta 52 tu za mlalo. Tofauti hiyo ni matuta kadhaa ya kabichi. Mfasiri hana madaraka ya kuamua njia ipi itumike, lakini ana wajibu wa kutoifuta tofauti hiyo. Kama maandishi ya asili yanasema umbali wa mlalo, neno mlalo lisiachwe kwa kudhani kuwa ni pambo. Kama hayasemi, amwulize aliyeyaandika.

Ukingo nao una utata wake. Kwa kawaida ni mahali maji yanapokutana na ardhi. Lakini maji ya Januari siyo ya Aprili, na mto wa mlimani huweza kuwa na kingo mbili, moja ya kiangazi na nyingine ya masika. Tunapendekeza "ukingo wa maji" kwa mstari wa maji ya siku ile, na "ukingo wa mto" kwa ardhi iliyosimama inayoyazuia maji mto ukijaa pomoni. Ukingo wa kulia na wa kushoto hutajwa kwa mtu aliyeyapa maji kisogo, akitazama yanakokwenda. Kanuni hiyo ni ya wapimaji wa dunia nzima, nayo inafaa kufundishwa, kwa sababu neno letu ng'ambo, tamu kama lilivyo, hutegemea msemaji amesimama wapi. Ng'ambo ya Unguja ni ng'ambo kwa mtu wa Mji Mkongwe tu.

Juu na chini ni shida nyingine ya mlimani. "Shamba liko juu ya mto" laweza kuwa na maana kwamba liko upande wa chanzo, au liko mteremkoni juu ya maji, na mlimani yote mawili huweza kuwa kweli kwa mashamba mawili tofauti. Kwa upande wa chanzo tuseme "mkondo wa juu", na kwa upande mwingine "mkondo wa chini", kama yalivyofanya majina ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Kwa lililo mteremkoni tuseme hivyo hivyo: mteremkoni. Tena, chanzo cha mto si sawa na chanzo cha maji. Cha kwanza ni mahali mto unapoanzia. Cha pili, katika lugha ya sheria, ni kila mahali yanapopatikana maji, hata kisima na ziwa.

Turudi sasa kwa bonde. Kwa maana ya ardhi iliyozama baina ya miteremko, libaki bonde, kama wananchi wanavyolisema. Kwa nchi tambarare inayofunikwa na maji, tumechagua uwanda wa mafuriko. Ugumu uko katika maana ya pili, eneo lote linaloulisha mto. Wako wanaoandika beseni, na sisi hatulipendi: beseni ni la kunawia. Wizara ya maji hutumia bonde, na Bonde la Wami/Ruvu ni jina rasmi ambalo hatuna mamlaka wala haja ya kulibadili. Basi liandikwe kwa herufi kubwa linapokuwa jina rasmi. Mahali pengine tunapendekeza dakio la maji, neno ambalo wataalamu wa maji wamekwisha kuanza kulitumia, kutokana na kudaka: ni nchi inayoidaka mvua. Mpaka wa dakio hupita juu ya matuta ya milima, mahali ambapo tone moja huenda Mgeta na jirani yake huenda Ngerengere, nao tunauita mgawanyo wa maji. Kwa istilahi hizi, kile kifungu kilichokuja mezani petu kingeweza kusema waziwazi kama kinakataza kulima bondeni, katika uwanda wa mafuriko, au katika dakio zima. Tulipomrudishia mfasiri maswali hayo, naye akawapelekea waandishi wa kanuni, jibu lilichelewa wiki tatu, maana waandishi wenyewe hawakuwa wamekubaliana.

Yapo mambo ambayo hatujayapatia maneno. Ramani huonyesha kwa vistari vya buluu vilivyokatika ule mkondo unaojaa masika na kukauka kiangazi. "Mto wa msimu" hutosha kwa mito mikubwa, lakini kwa vile vijikondo vya mteremkoni wengine husema korongo, na korongo kwa watu wengi ni pale palipochimbika sana, kuwe na maji au kusiwe. Vilevile hatuna neno moja la kipande kile chembamba cha ardhi nyevu kilicho baina ya maji na mguu wa mteremko, ambako watu hupanda mboga kiangazi. Iringa wana vinyungu, ila hilo ni jina la bustani, na tunachokitafuta ni jina la ardhi kabla haijalimwa. Wasomaji waishio milimani, hasa Uluguru, Usambara, Upare na nyanda za juu za kusini, wanaombwa watuandikie neno linalotumika kwao, wakitaja lugha, wilaya, na kama neno hilo hutumika pia mahali pasipolimwa.